Kinga ya mwili: Daraja kati ya tumbo na moyo katika fuo za Ziwa Victoria

WAKAZI wengi wa Kisumu na vijiji vya ufuo wa Ziwa Victoria wamezoea kuyatenga maradhi ya tumbo na maradhi ya moyo. Kuhara, homa ya matumbo, minyoo na kichocho huhesabiwa kuwa maradhi ya maji machafu, ya watoto na ya wavuvi. Shinikizo la damu, kiharusi na mshtuko wa moyo huhesabiwa kuwa maradhi ya mjini, ya wazee na ya wenye nacho.

Ndani ya mwili, mgawanyo huo haupo. Utafiti wa miongo ya karibuni umeonyesha kwamba yanayotokea katika ukuta wa utumbo yanaweza kufika katika mishipa ya damu na katika moyo wenyewe. Anayeyabeba kutoka huku hadi kule ni mfumo wa kinga, yaani jeshi la chembe na kemikali linaloulinda mwili dhidi ya maradhi.

Kwa kaunti zinazopakana na ziwa upande wa Kenya, yaani Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, jambo hili lina uzito wa pekee. Ni eneo ambamo kichocho cha matumbo kimekita mizizi, ambamo kiwango cha maambukizi ya virusi vya Ukimwi (VVU) ni miongoni mwa vya juu kabisa nchini, na ambamo shinikizo la damu limekwisha kubisha hodi. Maradhi hayo matatu hukutana mahali pamoja: katika kinga ya mwili.

Ukuta na walinzi wake

Utumbo wa mtu mzima, ikikunjuliwa mikunjo yake yote, una eneo la takribani mita 32 za mraba. Ngozi ya mwili mzima haizidi sana mita mbili za mraba. Kwa hiyo, ukuta wa ndani wa njia ya chakula hukutana na vitu vya nje katika eneo kubwa zaidi kuliko ngozi.

Ajabu ni kwamba ukuta huo ni mwembamba mno. Kinachotenganisha chakula na damu ni safu moja tu ya chembe zilizoshikana bega kwa bega, zikiwa zimefunikwa kwa ute. Upande mmoja wa safu hiyo huishi bakteria wengi ajabu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalitaja takribani bakteria trilioni 38 katika mwili wa mtu mmoja, idadi inayokaribiana na ya chembe za mwili wake mwenyewe, na wengi wao wamo katika utumbo mpana. Upande wa pili wamejipanga walinzi, kwani chembe nyingi za kinga zimewekwa katika utumbo.

Kazi ya walinzi hao si kuua kila wanachokutana nacho. Wangefanya hivyo, mtu asingeweza kula chakula chochote. Wanatakiwa kutambua adui, kumvumilia mgeni asiye na madhara, na kushirikiana na bakteria wanaousaidia mwili. Bakteria hao huchachusha nyuzinyuzi za nafaka, mboga na kunde ambazo tumbo lenyewe haliwezi kuzisaga, na kutoa asidi za mafuta mafupi kama butireti. Asidi hizo ni chakula cha chembe za ukuta wa utumbo, na pia huzitia nguvu chembe za kinga ambazo kazi yake ni kutuliza mapambano yanapokuwa yamekwisha.

Ukuta ukiwa imara na walinzi wakiwa watulivu, mambo yote huishia tumboni. Taabu huanza pale ukuta unapopata nyufa. Vipande vya maganda ya bakteria, ambavyo wataalamu huviita endotoksini, hupenya na kuingia katika damu. Hata vikiwa vichache, chembe za kinga huvitambua kuwa dalili ya uvamizi, nazo hupiga mbiu ya hatari mwili mzima.

Moto usioonekana

Mbiu hiyo huzaa hali inayoitwa mchochota. Mtu aliyejikata kidole huuona mchochota kwa macho: kidole huvimba, huwa chekundu, hupata joto na kuuma. Huo ni mchochota wa muda mfupi, nao husaidia kuponya. Kuna mchochota mwingine ambao ni wa chini kwa chini, usio na maumivu wala homa, unaoweza kudumu kwa miaka. Huo ndio unaohofiwa na madaktari wa moyo.

Zamani iliaminika kwamba mishipa ya moyo huziba kama mabomba ya maji yanayojaa uchafu, kwa sababu tu ya mafuta kuganda. Sasa inajulikana kuwa kinga ya mwili hushiriki katika kila hatua. Lehemu mbaya huingia katika ngozi ya ndani ya mshipa. Chembe nyeupe za damu huifuata na kuimeza, hushiba, hunasa humo humo na kujenga uvimbe wa mafuta. Mchochota unapozidi, kifuniko cha uvimbe huo hulainika na kupasuka. Damu huganda juu yake, mshipa huziba ghafla, na sehemu ya moyo hukosa hewa. Huo ndio mshtuko wa moyo. Yakitokea hayo katika mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, huwa ni kiharusi.

Ushahidi mzito wa jambo hili ulipatikana mwaka 2017, yalipotangazwa matokeo ya jaribio lililopewa jina la CANTOS. Wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo walihusishwa. Baadhi yao walidungwa dawa ya kanakinumabu, ambayo huzima mojawapo ya kemikali za mchochota bila kushusha lehemu. Kwa waliopewa kipimo cha kati, mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa takribani asilimia 15.

Hata hivyo, jaribio hilo lilitoa onyo pia. Waliopewa dawa walikufa kwa maambukizi kwa kiwango kikubwa kidogo kuliko wenzao. Funzo lake kwa eneo lenye malaria, kifua kikuu na kipindupindu ni wazi. Kinga ya mwili si adui wa kuzimwa. Kinachotakiwa ni kuziondoa sababu zinazoifanya ipigane bila kupumzika.

Uhusiano huu huenda pande zote mbili. Moyo ukidhoofika na kushindwa kusukuma damu sawasawa, damu hurundikana katika mishipa ya tumbo. Ukuta wa utumbo huvimba kwa maji na kuanza kuvuja, sumu za bakteria huingia katika damu, na mchochota unaotokea huudhoofisha moyo zaidi. Ndiyo maana mgonjwa wa moyo uliochoka mara nyingi hukosa hamu ya kula, tumbo hujaa upesi, na hukonda huku miguu ikivimba.

Somo la waosha magari wa Kisumu

Mojawapo ya tafiti zilizosaidia kueleza jinsi kinga inavyofanya kazi katika utumbo ilifanyika Kisumu kwenyewe. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI), ambayo ina kituo kikubwa Kisian, nje kidogo ya jiji, walishirikiana na wenzao wa Marekani kuwafuatilia vijana waliokuwa wakiosha magari ndani ya maji ya ziwa. Vijana hao walisimama majini kwa saa nyingi kila siku, hivyo walikuwa katika hatari kubwa ya kupata kichocho cha matumbo.

Ugonjwa huo huletwa na minyoo midogo inayokulia ndani ya konokono wa maji baridi. Viluwiluwi vya minyoo hiyo hutoka katika konokono, huogelea, na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Ndani ya mwili, minyoo hukomaa na kukaa wawili wawili, dume na jike, katika mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Jike hutaga mamia ya mayai kila siku. Yai linalofanikiwa kuupenya ukuta wa utumbo hutoka na kinyesi, na likifika majini mzunguko huanza upya. Gugu maji, ambalo kwa miaka mingi limekuwa kero katika Ghuba ya Winam, huwapa konokono hao maficho na makazi.

Watafiti, miongoni mwao Diana Karanja wa KEMRI, waligundua jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Waosha magari walioishi na VVU, na ambao chembe zao za kinga aina ya CD4 zilikuwa zimepungua, walitoa mayai machache zaidi katika kinyesi kuliko wenzao. Maana yake si kwamba walikuwa na minyoo michache. Ni kwamba yai haliwezi kutoka kwa nguvu zake peke yake. Kinga ya mwili hulizingira, huunda kinundu, na mchochota wa kinundu hicho ndio unaolisukuma hadi ndani ya utumbo. Kinga ikiwa dhaifu, mayai hubaki.

Katika matokeo mengine yaliyochapishwa mwaka 2002 katika jarida la Lancet, kundi hilo lilieleza kuwa baadhi ya waosha magari, baada ya kutibiwa mara kadhaa, walijenga kinga dhidi ya kuambukizwa tena. Wale ambao chembe zao za CD4 zilikuwa zikishuka kwa sababu ya VVU walishindwa kuihifadhi kinga hiyo.

Kutoka utumboni hadi moyoni

Mayai yanayoshindwa kutoka hayapotei. Damu inayotoka katika utumbo hupita kwanza kwenye ini, nayo huyabeba mayai na kuyaacha humo. Kinga huyazingira, vinundu hujengeka, na kwa miaka mingi makovu hutanda kandokando ya mishipa ya ini. Damu ikikosa njia, shinikizo hupanda katika mishipa ya tumbo. Wengu huvimba, tumbo hujaa maji, na mishipa ya koo huweza kupasuka na kumfanya mgonjwa atapike damu.

Ugonjwa ukifikia hatua hiyo, mishipa ya pembeni hufunguka ili damu ipate pa kupita. Kupitia njia hizo, mayai huliepuka ini na kufika katika mapafu. Huko nako vinundu hujengwa, na mishipa midogo ya mapafu huwa minene na myembamba ndani. Upande wa kulia wa moyo, ambao kazi yake ni kusukuma damu kuelekea mapafuni, hulazimika kusukuma dhidi ya mlango uliofungwa nusu. Mwishowe huchoka. Mgonjwa huishiwa pumzi kwa kazi ndogo, miguu huvimba, na huenda akatibiwa moyo bila yeyote kukumbuka kuuliza kuhusu maji aliyooga utotoni.

Hatua hii huwapata wachache tu kati ya walioambukizwa, hasa wale ambao ini lao limeharibika sana. Lakini ndio mfano ulio dhahiri zaidi wa safari inayoanza utumboni na kuishia moyoni, huku kinga ya mwili ikiwa ndiyo iliyojenga makovu njiani kote.

VVU: Ukuta unapobomolewa mapema

Uchunguzi wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 4.9 ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa wakiishi na VVU. Katika kaunti ya Homa Bay kiwango kilikuwa asilimia 19.6, Kisumu asilimia 17.5, Siaya asilimia 15.3 na Migori asilimia 13.0.

Watu wengi hufikiri kwamba VVU hushambulia damu. Ukweli ni kwamba uwanja wa kwanza wa vita ni utumbo. Katika wiki za mwanzo za maambukizi, virusi huangamiza chembe nyingi sana za CD4 zilizo katika ukuta wa utumbo, hata kabla ya kipimo cha damu kuonyesha upungufu mkubwa. Mwaka 2006, watafiti wa Marekani walionyesha katika jarida la Nature Medicine kwamba wenye VVU huwa na endotoksini nyingi zaidi katika damu, na kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya kinga yao kubaki imeamshwa wakati wote. Dawa za kupunguza makali ya virusi, ARV, hupunguza hali hiyo kwa kiasi kikubwa, lakini kwa wengi haziumalizi mchochota kabisa.

Athari zake moyoni zimepimwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Circulation ulikadiria kuwa mtu mwenye VVU ana uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kupata maradhi ya moyo na mishipa kuliko asiye na virusi, na kwamba mzigo huo ni mzito zaidi katika Afrika kusini mwa Sahara. Uvujaji wa utumbo si sababu pekee. Sigara, shinikizo la damu na baadhi ya dawa za ARV huchangia pia.

Kuna kosa moja ambalo madhara yake yanajulikana bila shaka, nalo ni kukatiza dawa. Jaribio la kimataifa la SMART, lililochapishwa mwaka 2006, liliwahusisha watu zaidi ya 5,400. Nusu yao walikuwa wakisimamisha ARV kila chembe zao za CD4 zilipopanda. Jaribio lilisitishwa kabla ya wakati, kwa kuwa waliosimamisha dawa walipatwa na vifo na maradhi makubwa zaidi, yakiwemo ya moyo. Vipimo vya damu vilionyesha kuwa mchochota ulipanda mara tu virusi viliporudi.

Kwa sababu hiyo, kukatika kwa huduma si suala la Ukimwi peke yake. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya kigeni, huduma za VVU katika eneo la ziwa, ambazo kwa miaka mingi zilitegemea sana fedha hizo, zilitikisika. Siku ambazo mgonjwa hukaa bila dawa huhesabiwa pia na moyo wake.

Habari njema ilitangazwa mwaka 2023. Jaribio la REPRIEVE, lililowahusisha watu 7,769 wenye VVU katika nchi 12, Uganda ikiwemo, lilionyesha kwamba kidonge cha kila siku cha pitavastatini kilipunguza maradhi makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35. Uamuzi wa nani anafaa kupewa dawa za aina hiyo ni wa daktari.

Fumbo la minyoo na lehemu

Si kila uhusiano kati ya utumbo na moyo unaelekea upande mmoja. Katika visiwa vya Koome, upande wa Uganda wa ziwa hilo hilo, watafiti walilinganisha vijiji vilivyopewa dawa nyingi za minyoo na vijiji vilivyopewa dawa kwa kiwango cha kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa watu wa vijiji vilivyotibiwa zaidi walikuwa na lehemu mbaya nyingi kidogo, na kwamba wenye minyoo ya kichocho walikuwa na lehemu ndogo kuliko wasio nayo.

Maelezo yanayotolewa ni kwamba minyoo hutumia mafuta ya mwenyeji wake, na pia huifundisha kinga kutulia ili wapate kuishi kwa miaka mingi bila kufukuzwa. Utulivu huo huenda ukapunguza mchochota wa mishipa.

Lingekuwa kosa kubwa kuhitimisha kwamba minyoo ni dawa ya moyo. Minyoo hiyo hiyo ndiyo inayojaza makovu katika ini na mapafu, inayowapunguzia watoto damu na kuwadumaza. Funzo linalofaa ni jingine. Jamii inapoondokana na minyoo, na wakati huo huo chakula chake kikibadilika na kazi za mikono kupungua, hatari ya moyo hupanda. Anayetibiwa kichocho leo anastahili pia kupimwa shinikizo la damu.

Chungu cha nyumbani

Ushahidi wa karibu zaidi kuhusu chakula ulitoka Tanzania. Katika jaribio lililofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine, vijana 77 wa kiume wenye afya walihusishwa. Waliozoea vyakula vya asili walipewa kwa majuma mawili vyakula vya Kimagharibi vilivyosindikwa na kukaangwa. Waliozoea vyakula vya Kimagharibi walipewa vyakula vya asili vyenye nafaka zisizokobolewa, mboga na kunde. Kundi la tatu lilikunywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa juma moja.

Katika muda huo mfupi, waliohamia vyakula vya Kimagharibi walionyesha dalili za mchochota kuongezeka, huku chembe zao za kinga zikipungua uwezo wa kukabili vimelea. Kwa waliorudia vyakula vya asili, mchochota ulipungua. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana majuma manne baada ya jaribio kumalizika.

Ufuo wa Ziwa Victoria haukosi vyakula vya aina hiyo. Ugali wa mtama au wimbi usiokobolewa, osuga ambayo wengine huiita mnavu, dek au saga, apoth au mlenda, maharagwe, kunde, viazi vitamu, maziwa lala na omena vimekuwa mezani mwa Waluo na majirani zao vizazi na vizazi. Nyuzinyuzi zake ndizo malighafi ambayo bakteria wa utumbo huigeuza kuwa butireti. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu vihatarishi vya maradhi yasiyoambukiza uligundua kuwa asilimia 94 ya Wakenya wazima hawakula mboga na matunda ya kutosha. Uchunguzi huo pia ulionyesha kuwa takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa.

Chumvi haina budi kutajwa. Samaki aliyekaushwa kwa chumvi nyingi na viungo vya pakiti huweza kupandisha shinikizo la damu hata kama sahani imejaa mboga.

Hatua zinazowezekana

Kwa wanaofanya kazi majini, wavuvi, wachota mchanga, waosha magari na wafuaji nguo, kinga ya kwanza ni kupunguza muda wa kugusa maji ya kina kifupi yenye magugu, na kutumia vyoo badala ya ufuo. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini haiui michanga wala haizuii maambukizi mapya, kwa hiyo huhitaji kurudiwa. Watoto wadogo, ambao zamani waliachwa nje ya ugawaji wa dawa shuleni, sasa wana dawa iliyotengenezwa kwa ajili yao, arprazikwanteli, iliyojaribiwa Kenya na Kodivaa na kukubaliwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2024.

Maji ya kunywa yatiwe dawa au yachemshwe, na mikono ioshwe kwa sabuni. Kuhara kwa mara kwa mara huuchakaza ukuta wa utumbo. Dawa za viuavijasumu zisinunuliwe kiholela dukani, kwani huwaua bakteria wenye manufaa pamoja na wale wabaya. Vidonge na vinywaji vinavyotangazwa kuwa vina bakteria wa kulinda moyo havijathibitishwa kufanya hivyo.

Wanaoishi na VVU wanashauriwa kutoacha dawa hata siku moja, na kuomba wapimwe shinikizo la damu na sukari wanapohudhuria kliniki. Kwamba jambo hilo linawezekana vijijini kulithibitishwa na mradi wa SEARCH, ulioendeshwa kuanzia mwaka 2013 katika jamii 32 za Kenya na Uganda, zikiwemo za ufuo wa ziwa. Watu walipimwa VVU, shinikizo la damu na kisukari katika kambi moja ya afya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa shinikizo la damu lilidhibitiwa vizuri zaidi katika jamii zilizopata huduma hizo kwa pamoja.

Mwisho, kuna dalili ambazo hazifai kupuuzwa. Mshtuko wa moyo hujitokeza mara nyingi kama uzito au maumivu ya kifua yanayoelekea mkononi, shingoni au tayani. Lakini kwa baadhi ya watu, hasa wanawake na wenye kisukari, huja kama kiungulia, kichefuchefu au maumivu ya juu ya tumbo. Si wachache wanaokunywa dawa ya vidonda vya tumbo au ya gesi wakisubiri maumivu yapoe, kumbe ni moyo unaokosa damu. Maumivu ya aina hiyo yanayoambatana na jasho jembamba au kuishiwa pumzi yanahitaji hospitali mara moja. Kadhalika, mtu aliyekulia ufuoni ambaye tumbo linavimba, anatapika damu au anahema kwa kazi ndogo, amweleze daktari historia yake ya maji ya ziwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mwili wa binadamu, ufa wa utumboni huonekana mara nyingi ukiwa umekwisha kufika moyoni. Choo cha kijiji, kidonge cha minyoo, dawa ya ARV isiyokatizwa na sahani ya mboga za kienyeji ni sehemu ya tiba ya moyo sawa na kipimo cha shinikizo la damu.